Kwa Mtunzi Anayeanza: Soma Maneno Kabla ya Kugusa Kinanda

Vijana wa hapa Tabora wanaponiletea nyimbo zao za kwanza, wengi wakiwa wamejifunza nota katika kwaya za makanisani, ombi langu la kwanza ni kwamba wafunge kinanda na wayasome maneno kwa sauti, kama wanavyozungumza nyumbani. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, na mkazo huo unastahili kukutana na pigo lenye nguvu. Usipofanya hivyo, msikilizaji hulazimika kulitafuta neno ndani ya sauti, na anapolipata kwaya imekwisha kwenda mbele.

Ugumu hujitokeza hasa katika ubeti wa pili. Washairi wametufundisha kuhesabu mizani, yaani silabi, nane kwa nane katika mshororo wa shairi la kawaida, na hesabu hiyo inatufaa sana, ila haitoshelezi. Chukua "mama na baba" na "watoto wote": kila kifungu kina mizani mitano, lakini cha kwanza kina mkazo kwenye silabi ya kwanza na ya nne, ilhali cha pili kinao kwenye silabi ya pili na ya nne. Ukivipa sauti zilezile bila kurekebisha, utawafanya waimbaji watamke "WAtoto", jambo ambalo hakuna mama wa Tabora aliyewahi kulisema. Dawa yake ni kuitanguliza silabi "wa" kabla ya pigo lenye nguvu, au kuuandika upya mstari wenyewe. Mimi hupendelea njia ya pili, hata ikinigharimu jioni nzima, kwa sababu mstari uliotungwa vizuri hushikwa na kwaya haraka.

Baada ya maneno, wafikirie watakaoimba. Kwaya zetu nyingi husoma solfa, mfumo wa kuandika sauti kwa herufi badala ya alama za nota, uliosambazwa na John Curwen nchini Uingereza katika karne ya 19, na uzuri wake ni kwamba Do huhamishika: wimbo ulioandikwa Do ikiwa G unaweza kuimbwa Do ikiwa F bila kubadilisha herufi hata moja. Usiutumie wepesi huo kuficha utunzi uliopanda mno, kwa kuwa ukiishusha Do ili kuwaokoa soprano, besi nao watazama mahali ambapo sauti yao haisikiki tena. Kaa na waimbaji, sikiliza wanakofika bila kukaza shingo, kisha tunga ndani ya mipaka hiyo.

Ipo pia kalenda ya mkoa wetu, ambayo hutaisoma katika kitabu chochote cha muziki. Mvua huanza kunyesha kwenye Novemba, na mashamba ya mahindi na tumbaku huwahitaji watu wakati uleule ambao kwaya inajiandaa kwa Krismasi. Wanaume hupungua mazoezini, na tenor ndiyo hupungua kwanza. Kwa sababu hiyo wimbo wa Desemba ninautunga ili uweze kusimama kwa sauti mbili tu, na tenor na besi zikifika ziuongezee utajiri. Kiitikio nakiandika kifupi, na nota nazigawa mapema, kabla jembe halijashikwa.

Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi. Kwaya nyingi hazina fungu la kumlipa mtunzi, hivyo tegemea kufundisha kinanda, kupiga kwenye harusi na kuwaandalia wengine nyimbo za kurekodi. Hata hivyo andika jina lako na mwaka kwenye kila nota unayoitoa, na usajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mtu asiye na ushahidi wa utunzi wake hupata shida kubwa kuudai ulinzi huo.

Hifadhi zako nazo zisitegemee programu moja. Watunzi wengi nchini walizoea Finale, programu ya kompyuta ya kuandikia nota, na mwaka 2024 watengenezaji wake walitangaza kuacha kuiendeleza. MuseScore hupatikana bure na inatosha kwa kazi ya kwaya, lakini kila wimbo unaoukamilisha uhifadhi pia kama PDF na MusicXML, aina ya faili inayofunguka katika programu nyingine za nota, na nakala moja iliyochapishwa iwe kwenye faili la mwalimu wa kwaya.