Miaka tisa na vidonge vya umakini: soma kabla kaka hajajipandishia dozi

Dada wa Tabora uliyeuliza jana kuhusu kaka yako, nimekusoma mara mbili. Umesema ana ADHD, ile hali ya ubongo kushindwa kutulia na kushikilia umakini, huu ni mwaka wa sita anameza methailifenideti, dawa ya kusaidia umakini, anadai mwili umeshaizoea na anataka kujipandishia dozi mwenyewe. Mama naye ana hofu kwamba mwanawe anakula madawa ya kulevya. Mimi nameza dawa hiyo hiyo tangu 2016. Sina udaktari, ni karani wa mzigo wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nakueleza niliyopitia.

Nianze na hilo la kuzoea, maana ndilo lililonipotezea muda mwingi. Nilianzishiwa dawa nikiwa chuoni Dar es Salaam, nina miaka 27. Wiki ile ya kwanza nilikaa mezani saa mbili asubuhi kusawazisha hesabu za mwezi mzima, sikuinuka mpaka nikasikia adhana ya adhuhuri. Nililia. Tangu darasa la kwanza nilikuwa nachapwa kwa uzembe, na leo kichwa kimetulia kama ziwa la alfajiri. Ule wepesi wa moyo nilidhani ndiyo dawa yenyewe. Baada ya wiki chache ukaisha. Daktari akapandisha dozi kidogo, na hapo alikuwa sahihi, bado tulikuwa tunatafuta kipimo changu. Wepesi ukarudi, ukaisha tena.

Mwaka wa tatu nikajipandishia mwenyewe, kimya kimya. Nilichovuna ni moyo kudunda usiku, meno kusagana, na hasira kila ikifika saa kumi jioni dawa inapoondoka mwilini. Mke wangu alianza kuwaambia watoto wasinisogelee saa hizo. Vidonge vya mwezi vikaisha siku ya ishirini, siku kumi zilizobaki nikawa mtu wa kulala tu. Na daftari la magunia halikuwa safi zaidi hata kidogo.

Kilichonifumbua macho ni mwaka 2024. Uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kibirizi pakawa kimya, kipato kikakata, nauli ya kwenda kliniki Dar ikawa mtihani. Nikampigia daktari wangu simu, tukakubaliana nipumzike miezi hiyo. Nililala usingizi niliokuwa nimeusahau. Niliongezeka kilo tano. Lakini banda la kuku nililolianza Juni likabaki bila paa, maharage yaliungua jikoni mara mbili nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye jiko, na watu wawili nikawaahidi kusimamia shughuli zao siku ile ile moja. Mmoja wao hadi leo salamu yake ni ya mbali.

Agosti taa za wavuvi zilipoonekana tena ziwani usiku, nikaanza upya na dozi ya chini. Dada yangu, ule wepesi ulirudi vilevile kama siku ya kwanza! Ukakaa kama siku kumi, ukaondoka. Safari hii sikuukimbilia. Nilikuwa nimeanza kuandika makosa yangu ya kila wiki: hesabu isiyolingana, gunia lililosahauliwa, mzigo wa mtu ulioandikwa kwa jina la mwingine. Wiki ya kwanza, wepesi ukiwepo, makosa mawili. Wiki ya nane, nikiwa sihisi chochote, makosa mawili. Dawa ilikuwa inafanya kazi ile ile, hisia ndiyo iliyokuwa imeondoka. Miaka yote ile niliipima dawa kwa hisia.

Jinsi ninavyoelewa maelezo ya daktari, dawa hii inazuia dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo za kupeleka ujumbe, zisirudishwe haraka kwenye seli za ubongo zilizozitoa, hivyo zinakaa muda mrefu zaidi zikifanya kazi ya kushikilia umakini. Kidonge cha kawaida hudumu saa tatu mpaka nne hivi. Cha kuachia polepole hufika saa nane, vingine hata kumi na mbili. Hakuna kidonge kati ya hivyo kinachojua wewe unatakiwa kufanya nini leo. Nikimeza huku nimeshika simu, naangalia simu kwa umakini mkubwa asubuhi nzima. Kwa hiyo naandika kazi tatu usiku, ya kwanza naiweka wazi mezani, ndipo asubuhi nameza.

Mwezi wa giza, boti zikienda kila usiku, ndipo nahitaji dawa kweli. Mbalamwezi ikiwaka mzigo hupungua, na daktari ameniruhusu siku hizo chache nipumzike. Hiyo ni ruhusa yangu mimi, kaka asiichukue bila kuuliza.

Kuna utafiti wa Marekani ambao kila mzazi angeujua ningefurahi. Watoto 579, matokeo ya kwanza yalitoka 1999. Baada ya miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu, wakionana na daktari kila mara na dozi kurekebishwa, walikuwa wamewaacha mbali kwa dalili wale waliopata mafunzo ya tabia peke yake. Kisha uangalizi wa utafiti ukakoma, kila familia ikaendelea na njia yake. Kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja. Mimi nikiusoma naiona ile miaka yangu ya kuchukua cheti cha dawa dirishani na kuondoka bila hata kupimwa presha.

Na presha si jambo dogo. Watafiti wa Sweden waliofuatilia watu kwa hadi miaka 14, wakachapisha 2023, waliona kwamba kadiri mtu alivyotumia dawa za ADHD miaka mingi ndivyo uwezekano wa kupata presha ya juu na ugonjwa wa mishipa ya damu ulivyoongezeka. Haina maana kila mmoja ataugua. Ina maana kaka anatakiwa kupimwa presha na mapigo ya moyo kila dozi inapobadilika, na angalau kila miezi sita. Zahanati ya mtaani inatosha kwa hilo. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hapo asingoje tarehe ya kliniki, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kahawa ya Kalinzi niliipenda sana, barazani Ujiji nilikuwa namaliza vikombe vinne jioni. Siku hizi kimoja, asubuhi. Chakula nacho: mwaka wa kwanza na nusu nilitoka kilo 68 hadi 59 kwa sababu mchana njaa haiji kabisa. Sasa nakula kabla ya kumeza, uji mzito na mayai, na usiku ugali wa muhogo na migebuka ya mawese mpaka nishibe hasa. Kwa mtoto anayekua ni jambo la kufuatilia zaidi, apimwe uzito na urefu, maana dawa huweza kupunguza kasi ya kurefuka.

Ramadhani huwa naongea na daktari tangu Shaabani. Kidonge cha kawaida ukikimeza daku, saa tatu asubuhi kimekwisha. Alinibadilishia cha kuachia polepole kwa mwezi ule, nami nikahamishia hesabu zote kabla ya adhuhuri. Mchana napanga magunia tu.

Mama mpe shikamoo yangu. Hofu yake ina msingi, usimkatize. Dawa hii imo kwenye orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili, ndiyo maana hutolewa kwa cheti. Mtu akiimeza kuzidi kipimo ili ajisikie vizuri, anaweza kufika mahali asiweze kuishi bila dawa hiyo. Lakini si kitu kilichookotwa juzi mtaani: ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na hospitali zimeitumia kwa miongo mingi. Hatari anayoihofia mama haiko sana kwenye kidonge alichoandikiwa na daktari. Iko kwenye hicho cha ziada anachotaka kujiongezea, au atakachonunua kwa mtu asiye na duka wala jina. Na asimuazime mwenzake wa chuo wakati wa mitihani, hata akiombwa kwa machozi.

Muulize kaka mambo matatu: kidonge cha mwisho cha siku anakimeza saa ngapi, analala saa ngapi, na presha alipima lini. Halafu aandike makosa yake ya wiki mbili kwenye karatasi bila kubadili dozi. Akiwa nayo karatasi hiyo, niandikie hapa, tuangalie pamoja cha kumwambia daktari wake.