Ndugu yangu Shida, kabla hujalibadili jina lako, ulizia siku uliyozaliwa

Nimesoma swali lako mara mbili. Unasema unaitwa Shida, biashara mbili zimekufa mikononi mwako, uchumba umevunjika, na mhubiri mmoja amekuambia kwamba jina ndilo linalokufunga. Ukijiita Baraka mambo yatafunguka. Unatuuliza kama kweli jina hubeba mkosi, na kama inafaa ulibadilishe. Wengi wamekujibu kwa mstari mmoja. Mimi naomba nijibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili nimekua nalo, na kazini nakutana nalo kila siku.

Mimi naitwa Sikudhani. Kwetu ni Pangani. Ni muuguzi, na sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi nimekaa kliniki ya mama na mtoto, kwanza huku pwani, kisha Usukumani.

Shuleni jina hili lilinitesa. "Sikudhani kama unajua kusoma." "Sikudhani kama umeoga." Utani wa watoto huisha, ila mimi kilichoniumiza ni maana niliyojitungia mwenyewe. Nilijiambia: mama hakudhani nitakuja, basi hakunitaka. Sikumwambia mtu. Nilipomaliza darasa la saba cheti kikaja kimeandikwa "Sikuzani", karani amenyofoa dh akaweka z. Nikafurahi. Nikaona sasa nina jina lisilo na maana yoyote, na hilo ni afadhali.

Nikakipeleka kwa bibi mzaa mama. Nilimkuta uani, ungo uko mapajani, anachagua mchele. Alikuwa anajua kusoma, polepole. Akafuata herufi kwa kidole chenye vumbi la pumba, akauliza, "Huyu Sikuzani ni nani?" Nikamjibu kwamba ni mimi, na afadhali hivyo. Akauweka ungo chini.

Ndipo aliponiambia kwamba kabla yangu mama alizika watoto watatu. Wa tatu aliishi siku tisa. Mimba yangu hakuitaja kwa mtu, hata kipande cha kanga cha kumpokelea mtoto hakukitenga, akiogopa kukirudisha sandukuni tena. Usiku niliozaliwa sikulia. Mkunga alinifuta, akanisugua mgongo, kimya. Mama akageukia ukutani. Mkunga akaendelea kusugua, na mwishowe nikalia. Mama akasema, "Sikudhani." Akalirudia neno hilo mpaka alfajiri, hana jingine. Siku ya saba, kwenye akika, baba alikuja na jina la Zaituni. Bibi akamwambia, "Mtoto ana jina. Mama yake ameshamwita."

Leo najua kwamba kumkausha na kumsugua mgongo mtoto asiyelia ndiyo hatua ya kwanza tunayochukua hata sisi wenye vyeti ukutani. Kila ninapofanya hivyo namkumbuka yule mkunga. Na jina nililodhani ni la kukataliwa, kumbe ni kilio cha mtu aliyepewa alichokuwa amekata tamaa nacho.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo moja: majina yetu mengi hayamwelezi mtoto. Yanaeleza nyumba aliyoingia, na saa aliyoingia. Semeni ni mama anayewajibu waliokuwa wanamsengenya: haya, semeni sasa. Sikitu ni si kitu, ameyapuuza. Chausiku kaja usiku, Mwamvua kaja na mvua. Tatu kawakuta wawili. Miraji, Maulidi, Haji, Ramadhani, Idi na Mwanaidi ni kalenda nzima ya Kiislamu iliyovaa nguo na kutembea. Juma na Mwajuma ni wa Ijumaa.

Hamisi ana jambo la kupendeza ambalo wengi hawalijui. Sisi tunahesabu siku kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Baada ya Jumatano ingefuata ya sita, lakini hapo tumeweka Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni "ya tano", kwa sababu wao wanaanzia Jumapili. Kwa hiyo wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano, na kina Hamisi na Mwanahamisi wote wamebeba ile tano ya pili.

Nilipohamishiwa Usukumani, nikakuta majina yanayosema mambo ya uzazi kuliko kadi zetu za kliniki. Kulwa na Doto kila mtu anawajua, pacha wa kwanza na wa pili. Anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Mtoto aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Mabula wa kiume na Kabula wa kike ni wa mvua. Nilifurahi mno kuyajua, na furaha ile iliniponza. Siku moja kaja mama kijana amembeba mtoto wa kike, kadi inasema Shija, na sehemu ya uzazi uliotangulia iko tupu. Nikamwuliza kwa uchangamfu kabisa, "Kulwa na Doto umewaacha na nani?" Akaniangalia, kisha akaanza kumfunga mtoto khanga upya ilhali alikuwa amefungwa vizuri. Nikaelewa. Kadi ilikuwa imewasahau, jina la mdogo wao halikuwasahau. Tangu siku hiyo nikiona jina la namna ile namwita mama chumbani, nafunga mlango, ndipo nauliza.

Sasa nije kwenye mkosi. Mimi ni Muislamu, lakini kwa kuwa aliyekutisha ni mhubiri, nilimwomba mwenzangu wa zamu anifungulie Biblia yake. Akanionesha Yabesi, kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 4. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Huyo ni wewe kabisa, ndugu yangu. Na habari yake inasema alikuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake, akaomba kwa Mungu, akapewa alichoomba, akiwa bado anaitwa Yabesi. Mhubiri wako ana haki ya kukusomea pia Mwanzo 35, pale Raheli alipokuwa anakata roho akamwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, na Yakobo akalibadili kuwa Benyamini. Kwa hiyo kubadili kupo. Kinachonikera ni mtu kukusomea moja akakuficha la pili, kisha akakuacha ukimwogopa mama aliyekuzaa.

Kwetu pia kubadili kupo. Mtume alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa Asia, kwa Kiarabu neno lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. (Dada zangu mnaoitwa Asia, msitishwe na habari hiyo. Jina lenu ni la yule mke mwema wa Firauni. Kwa herufi za Kiarabu ni majina mawili tofauti, Kiswahili ndicho kinachoyaandika sawasawa.) Hata Mwalimu Nyerere, alipozaliwa Butiama mwaka 1922, jina la kwanza alilopewa ni Mugendi, mtembezi kwa Kizanaki. Baadaye wakafuata ushauri wa mganga wa jadi, wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Lakini ninayemtafakari zaidi ni Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa, na jina alilopewa ni hilohilo, Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima zake, lilikuja ukubwani. Tazama mpangilio wake: alihamia mjini akiwa Mtumwa, akajifunza kuimba, watu wakamtambua, ndipo jina likamfuata. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri, jina Siti lilikuwa linaitikia kazi iliyokwisha kufanyika. Halikuwa ndilo lililomfungulia koo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Shida ndiyo iliyoua biashara zako, nasema hapana, na nasema bila kusitasita. Nimepokea watoto kina Tabu, Mashaka, Masumbuko na Majuto, nimewapima uzito mwezi baada ya mwezi, na wanaongezeka sawa na kina Neema na Furaha. Anayekonda, anakonda kwa sababu ninazoweza kuziandika kwenye kadi.

Kama baada ya yote bado unataka kulibadili, ni haki yako, sitakulaumu. Jua tu lina kazi yake: wakili, kiapo, kusajili hati, halafu kitambulisho, benki, leseni, na vyeti vya shule vyenye jina la zamani utakavyotembea navyo pamoja na hiyo hati. Mimi nilipita huko kwa herufi moja tu. Nilipoajiriwa nililipa wakili ili z iondoke na dh irudi, na ofisi moja ilinizungusha miezi minne. Sijutii hata siku moja ya kuzungushwa.

Lakini kabla ya wakili kuna mtu wa kwanza wa kumwendea. Umeandika kwamba mama yako yuko hai, yuko kijijini. Wangu alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza mwenyewe. Yote niliyokusimulia ni ya bibi, na yapo maswali ambayo bibi hakuweza kunijibu. Nenda, usimpigie simu. Usimwambie habari za mhubiri, na usimwulize "kwa nini mliniita Shida", maana atasikia lawama ajitetee. Mwulize hivi: "Mama, siku niliyozaliwa ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Huenda ni mwaka wa njaa. Huenda baba yako alikuwa amelazwa. Huenda kuna waliokutangulia ambao hujawahi kutajiwa, na wewe ukapewa jina la kudharaulika makusudi, ili kifo kisikutamani. Nyumba nyingi zilizozika watoto zimefanya hivyo, na waliofanya hivyo walikuwa wanakupenda kwa hofu.

Ukirudi, kama utapenda, tuandikie hapahapa alichokuambia.