Maswali yenu: Utarajali katika kliniki ya mbwa na paka

Wasomaji wa Arusha na Moshi wametuandikia kuhusu mwaka wa kwanza kazini baada ya shahada ya udaktari wa mifugo. Barua tumezifupisha.

SWALI: Nimemaliza SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), nina ofa mbili za utarajali wa miezi 12 hapa Arusha. Ya kwanza ni kliniki kubwa upande wa Njiro, ina eksrei na ultrasaundi, na tayari ina watarajali wanne. Ya pili iko Sakina, ndani ya nyumba ya kawaida, ina madaktari wawili wa siku nyingi na hadubini moja. Posho yao ni ndogo. Wenzangu wananicheka nikisema naiwaza hiyo ya pili. Nizipime kwa kitu gani? (Msomaji wa Kijenge)

JIBU: Wenzako wanatazama mashine. Wewe uliza nani anashika kisu, na nani anasimama pembeni yake. Tuseme kliniki ya Njiro inafunga kizazi wanyama 8 kwa wiki, na mtakuwa watarajali watano. Hata mkigawana wote, kila mmoja hafikishi wawili. Na hamtaachiwa wote: jike mkubwa mwenye kifua kirefu, mnene, au aliye kwenye joto la kupandwa atabaki kwa bosi, na haki yake. Ya Sakina ikifanya wanne tu kwa wiki na uko peke yako, umewazidi wa Njiro zaidi ya mara mbili.

Omba siku mbili za kukaa nao kabla ya kusaini, kote kuwili. Siku hizo usizimalize kwa kupiga stori na mapokezi. Omba uone karatasi za nusukaputi za mwezi uliopita. Karatasi ya maana ina uzito wa mnyama uliopimwa kwenye mizani, dawa imeandikwa kwa miligramu, kisha mapigo ya moyo, upumuaji, rangi ya fizi na joto kila baada ya dakika 5. Ukikuta mapigo 100, pumzi 20, mstari kwa mstari kuanzia juu hadi chini bila kubadilika, karatasi hiyo ilijazwa mbwa akiwa ameshaamka. Na kama karatasi hazipo kabisa, hakuna atakayekufundisha nusukaputi hapo. Utajifunza kuchoma sindano tu.

Wengi kwetu wanatumia dawa za usingizi, zailazini na ketamini, na hatuwalaumu. Shida ni muda. Zailazini inashusha mapigo ya moyo na joto la mwili, na inatapisha. Ketamini nayo inaisha haraka, wakati mtarajali anachukua saa nzima au zaidi kwa kazi ambayo mzoefu anaimaliza kwa nusu saa. Kwa hiyo waulize waziwazi: dawa ikiisha tumbo likiwa wazi, mnafanyaje? Unataka kusikia kwamba kanula (mrija mdogo wa mshipani) iliwekwa mguuni kabla ya kisu, dripu inatembea, mipira ya kupitishia hewa kooni ya saizi mbili tatu iko mezani, na kuna mtu mwingine, si wewe unayeshona, ambaye kazi yake ni kumwangalia mnyama na kuongeza dawa kidogokidogo kwenye mshipa. Wakikujibu kwamba wanamwongeza nyingine ya paja, basi hakuna anayejua kiasi gani kitaingia mwilini na lini.

Halafu uliza habari ya damu. Uzi kuteleza kwenye kikonyo cha ovari ni kosa la wanaoanza, zaidi kwa mbwa mnene, maana mafuta hayaachi fundo likaze. Mara nyingi halionekani mezani. Linaonekana saa chache baadaye: fizi zimekuwa nyeupe, moyo unakimbia, tumbo linajaa, mbwa haamki inavyotakiwa. Dawa yake ni kufungua tumbo tena mapema, na hiyo si kazi ya mtu wa miezi miwili akiwa peke yake usiku. Wakutajie anayepigiwa simu saa nane za usiku, na anachukua dakika ngapi kufika.

Hadubini usiidharau. Kupe wa mbwa huku hawana msimu wa likizo, na wao ndio wanaoleta vijidudu vya damu. Mbwa akija amezubaa, homa nyuzi 40, fizi zimepauka, mkojo rangi ya chai ya rangi, kliniki inayofanya kazi yake inachukua tone la damu kwenye ncha ya sikio, inapaka kioo, inakitumbukiza kwenye methanoli, inatia rangi ya Giemsa na kukitazama kwa lenzi ya mafuta. Inapima pia ujazo wa chembe nyekundu, ambao kwa mbwa mzima ni kati ya asilimia 37 na 55. Kliniki iliyochoka inamchoma diminazini na oksitetrasaiklini kila mbwa mwenye homa. Mwaka mzima wa namna hiyo utakuachia sindano mbili kichwani na basi. Tena diminazini haina mchezo: 3.5 mg kwa kilo, mara moja. Pakiti yake imetengenezwa ng'ombe akiwa akilini, hivyo kuikadiria kwa mbwa wa kilo 6 ni rahisi kupitiliza, na aliyezidishiwa huanza kuyumba na kutetemeka siku moja au mbili baadaye. Angalia kichupa cha mafuta ya hadubini: kikiwa na vumbi kwenye kifuniko, unajua.

Kwa ulivyoeleza, tungeanza na Sakina, mradi karatasi na majibu yao viwe sawa. Pengo la eksrei ni la kweli, hatulifuniki. Omba mkataba utaje wiki mbili au tatu za kwenda kwenye kliniki yenye mashine, ukasome picha za kifua na za mifupa iliyovunjika pamoja na mtu anayezisoma kila siku.

SWALI: Kliniki moja Moshi inataka niwaachie cheti halisi cha shahada na nilipe Sh 500,000 ya "ada ya mafunzo". Zamu ni siku saba, mkataba hakuna, wanasema utarajali si ajira. Ni sawa? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

JIBU: Cheti halisi usikiache popote. Peleka nakala iliyothibitishwa na wakili. Anayekishika halisi anataka usiweze kuondoka, hana sababu nyingine.

Ada peke yake tusingeiita wizi kama ungekuwa unakaa darasani. Lakini unayelinda kliniki usiku na kupokea wagonjwa wa Jumapili unazalisha. Sheria za kazi za 2004 zinaangalia kazi inavyofanyika, si jina mliloipa: anayepangiwa saa na kuongozwa na mwingine anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Na mwajiriwa ana ukomo wa saa 45 na siku sita kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu.

La pili hukuliuliza, ila ni zito. Chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, kutibu kunamtaka mtu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Thibitisha usajili wako kabla ya kumgusa mgonjwa peke yako, na uulize muhuri ulioko kwenye vyeti vya chanjo ni wa nani. Ikiwa ni wa daktari ambaye haonekani hapo kliniki, wewe ndiye unayechanja na yeye ndiye anayesaini, na siku ya tatizo mtakuwa mashakani wawili.

SWALI: Shikamooni madaktari. Binti yangu anaanza utarajali mwezi ujao. Ameambiwa sindano za kichaa cha mbwa atachomwa akiumwa na mbwa. Mimi mama yake silali. (Mama wa Usa River)

JIBU: Marahaba mama, na una haki ya kutolala. Anayeshika mbwa kila siku anachanjwa kabla. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani tangu 2018 ni sindano mbili, siku ya 0 na siku ya 7, hivyo aanze sasa na atakuwa amemaliza kabla ya siku ya kwanza kazini. Gharama iingie kwenye mkataba, na kliniki inayojali hailumbani juu ya hilo.

Kuchanjwa mapema hakumwondolei hospitali. Akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, kisha aende siku hiyohiyo. Tofauti ni kwamba aliyechanjwa kabla anahitaji sindano mbili tu za nyongeza, siku ya 0 na ya 3, na hahitaji ile dawa ya kingamwili inayochomwa kwenye jeraha, ambayo ni ghali na haipatikani kirahisi. Mwambie pia aogope mbwa mpole aliyebadilika ghafla, anayedondosha mate, ambaye mwenyewe anasema "amekwamwa na mfupa". Mikono mitupu isiingie kwenye mdomo huo.

SWALI: Niende moja kwa moja kwenye utarajali wa Marekani? (Msomaji wa Moshono)

JIBU: Unaweza kuomba, ila jua mlango ulivyo. Programu nyingi za huko ni za mwaka mmoja na zinapitia mfumo wa pamoja uitwao VIRMP: wewe unazipanga kwa upendeleo, nazo zinakupanga, kompyuta inaoanisha, na matokeo yanakufunga. Usiiweke kwenye orodha programu usiyokuwa tayari kwenda. SUA haina ithibati ya AVMA, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, kwa hiyo leseni kamili itakupitisha kwenye ECFVG au PAVE kwanza, programu za kupima waliosoma nje, jambo la miaka na la fedha nyingi. Soma masharti ya kila programu kuhusu leseni na viza kabla ya kulipa chochote. Barua zao za mapendekezo zinataka mtu aliyekuona ukifanya kazi na mbwa na paka, na hapo ndipo mwaka mzuri wa hapa nyumbani unapokufaa.

SWALI: Nina kliniki Moshi, tuko madaktari wawili. Tunataka kupokea watarajali watatu. Tuanzie wapi? (Daktari, Shanty Town)

JIBU: Anzeni na mmoja. Watatu kwa wakufunzi wawili wenye wagonjwa wao maana yake mmoja atakuwa mapokezi, mwingine atakuwa anashika mbwa.

Wiki nne za kwanza asipasue. Awe mtu wa nusukaputi, wa kanula na wa vioo vya damu. Kisha kuhasi paka dume, halafu mbwa dume, halafu kufunga kizazi paka, halafu jike mdogo wa chini ya kilo 15. Kizazi chenye usaha kije mwisho. Katika kila hatua kwanza anasaidia, kisha anafanya wewe ukiwa umevaa glovu, kisha ukiwa chumbani, kisha ukiwa jengoni. Siku yake ya upasuaji msimpangie zaidi ya wanyama wawili. Wa tatu huwa anafanywa kwa haraka. Mkipokea pia wanafunzi wa chuo cha mifugo cha LITA Tengeru, gawaneni kazi kwa maandishi, la sivyo watagombania paka mmoja.

Kabla hajafika, tengeni chumba cha parvo, virusi vinavyoharisha watoto wa mbwa. Hii ndiyo sehemu kliniki nyingi zinapoanguka: mtoto wa mbwa anayeharisha damu anawekwa juu ya meza ileile ambayo baada ya dakika kumi inapandwa na mwenzake aliyeletwa kuchanjwa. Chumba kiwe na kipimajoto chake, aproni yake, buti zake na ndoo yake. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, maana kinyesi kinaua nguvu ya klorini, ndipo ipakwe jiki mililita 50 kwa lita moja ya maji na kuachwa na unyevu dakika 10. Dawa za harufu nzuri za sakafuni haziviui virusi hivi, na vinakaa kwenye mazingira miezi mingi. Mtarajali achanje asubuhi, aingie parvo baadaye, wala asirudi nyuma.

Kila asubuhi nusu saa ya kuzungumzia waliolazwa. Mara moja kwa mwezi, waliokufa wote, pamoja na wa kwenu.

Daftari lake liwe na tarehe, uzito, alichofanya, aliyemsimamia, na hali ya kidonda siku ya 10 nyuzi zinapotolewa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wanayoiacha tupu, nayo ndiyo inayoonyesha anashona vipi. Mwaka ukiisha msimpe cheti cha "amehudhuria". Andikeni barua yenye idadi: amefanya ngapi peke yake, ngapi chini ya usimamizi, amesoma vioo vingapi, na chini yake namba yenu ya usajili.