Mchicha unaungua ncha, na mavuno yanatugombanisha

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni wakazi wa Sahare, Tanga. Mwaka jana kaya 12 tulipewa kiwanja cha mita 12 kwa 20 nyuma ya madrasa, tulime mboga za kula na za kuwagawia wasiojiweza mtaani. Udongo ni mchanga wenye vipande vya matumbawe. Tulipanda mchicha kiwanja kizima kwa siku moja, tukautia majivu mengi ya jikoni, na kila jioni tukanyunyiza maji kidogo ya kisima, ambayo yana chumvichumvi. Majani yaliungua ncha, mengine yakawa manjano. Uliopona ulikomaa wote juma moja. Aliyewahi alibeba viroba, aliyechelewa alikuta mashina. Watu walinuniana, na sasa tumebaki kaya saba. Tuanzeje upya, mboga zipatikane na wenzetu warudi? – Mama wa Sahare

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Mmeuliza kana kwamba haya ni mambo mawili, lakini mchicha kuungua na watu kununiana vimetoka pahala pamoja: mlipanda kote siku moja. Maji hayakutosha eneo lote, ndiyo maana mkanyunyiza kidogo kidogo. Na mboga iliyokomaa yote juma moja haigawiki, kwa sababu mchicha hausubiri. Ukipita siku kumi baada ya wakati wake unatoa maua na shina linakuwa mti. Kila mtu analijua hilo, ndiyo maana walikimbilia.

Tuanze na maji. Siku ya jua kali la kaskazi, mita mraba moja ya mboga inahitaji lita 5 hadi 6. Kiwanja chenu, hata ukitoa njia za kupita, kinabaki na kama mita mraba 130 za kulima. Hizo ni ndoo 30 na zaidi za lita 20, kila siku ya Mungu. Hakuna aliyezibeba, na asilaumiwe mtu.

Sasa chumvi. Maji ya kisima yakinyunyizwa juujuu hayafiki chini ya mizizi. Jua linayavuta, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki juu ya udongo. Kesho mnaongeza nyingine. Mmea nao ukinywa maji hayo unayapumulia kwenye majani, na chumvi inakusanyika mwisho wa safari yake, yaani kwenye ncha na kingo. Ndiyo ule uunguaji mliouona. Mkitazama vizuri asubuhi wakati wa kiangazi mtakuta utando mweupe kwenye kingo za tuta.

Kabla ya kununua hata mbegu, pimeni maji. Ulimi hautoshi. Mwombeni afisa ugani wa kata, au mtu mwenye kalamu ya kupimia chumvi ya maji, aitumbukize kwenye glasi. Ikisoma chini ya miligramu 450 kwa lita, maji hayana shida. Kati ya 450 na 2,000 yanatumika kwa uangalifu na kwa mboga za kuchagua. Yakizidi 2,000 msiyatumie peke yake.

Dawa ya kwanza ni kuyachanganya na ya mvua. Mvua ya milimita 1 kwenye paa la mita mraba 1 ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 10 likipata mvua ya milimita 20, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, linawapa karibu lita 1,000. Muombe uongozi wa madrasa mfunge gata upande mmoja na simtenki la lita 2,000. Maji ya dakika za mwanzo yaachwe yamwagike, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kisima kikisoma 2,400, ukichanganya nusu kwa nusu unapata kama 1,200. Mvua zikiadimika, maji ya tenki yawe ya matuta yaliyopandwa karibuni tu, maana mche mchanga ndio unaoumizwa zaidi na chumvi.

Dawa ya pili ni namna ya kumwagilia. Maji yote ya siku yamwagwe asubuhi kwenye udongo, si juu ya majani, na kila baada ya siku kumi tuta lipewe mara mbili ya kawaida ili chumvi isukumwe chini. Hapo mchanga wenu unawasaidia, kwa sababu unaoshwa haraka kuliko mfinyanzi. Masika yakianza Machi yatawaoshea bure, ila inueni matuta sentimita 20, mchicha usije ukaoza. Wakati wa kusi kuna jambo jingine: upepo unatoka baharini na ukungu wa chumvi. Upande wa kusini wa kiwanja simamisheni ua wa makuti, na mbele yake mstari wa mihogo. Kisamvu mtakichuma humohumo.

Majivu, mama, acheni kabisa. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu yanafaa, lakini udongo wa matumbawe tayari ni chokaa. Mkiongeza majivu, madini ya chuma na zinki yanafungika, mizizi inayapita bila kuyapata. Dalili yake ni jani changa kuwa manjano huku mishipa imebaki kijani. Mkitaka uhakika wa udongo wenyewe, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko jirani, wilayani Muheza, na udongo ni kazi yake ya miaka mingi.

Badala ya majivu tieni samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza, nusu ndoo kwa kila mita mraba, ichanganywe kina cha sentimita 20. Ya kuku ni kali na ina chumvi yake. Irundikwe kwanza wiki sita hadi nane, kisha mtumie nusu ya kipimo hicho. Makumbi ya nazi yanashika maji vizuri yakifukiwa chini ya tuta, lakini si yale yaliyolazwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Hayo yamejaa bahari. Hata ya kawaida yalowekeni siku mbili, mmwage maji, mrudie tena.

Sasa mpango wenyewe. Msirudi kwenye kiwanja kizima. Kwa kaya saba chimbeni matuta manane tu, kila moja mita 1 kwa 5, njia ya nusu mita katikati. Upana wa mita 1 ni ili mtu afike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Manane yanahitaji ndoo 10 hadi 12 kwa siku. Kaya mbili zikishika zamu kila siku, kila kaya inabeba ndoo tano au sita, mara mbili kwa juma. Hilo linabebeka.

Matuta sita yawe ya mchicha, na hapa ndipo penye siri: pandeni tuta moja kila juma, siku ileile. Juma la kwanza tuta la kwanza, la pili la pili, mpaka la sita. Kwenye joto, mchicha wa kung'oa huwa tayari siku ya 28 hivi. Miezi ya baridi ya kusi ongezeni siku kadhaa. Juma la tano mnang'oa tuta la kwanza. Juma la sita linapumzika, linapewa ndoo moja ya samadi na kumwagiliwa magugu yaote yang'olewe. Juma la saba linapandwa upya. Kuanzia hapo kila juma kuna tuta moja la kung'oa, halikosekani wala halizidi mikono ya watu. Mtu akijua kuwa juma lijalo kuna jingine hakimbilii na kiroba.

Mbegu za tuta moja ni vijiko viwili vya chai. Zichanganyeni na kikombe cha mchanga mkavu, la sivyo zitaanguka kwa mafungu na miche itabanana ioze shingo. Mistari iachane sentimita 15, kina kisizidi nusu ya unene wa kidole kidogo, kisha funikeni kwa nyasi kavu. Siku ya tatu hadi ya tano mche ukichomoza, nyasi ziondolewe jioni, si adhuhuri. Mbegu zikipotea kabla ya kuota, mara nyingi ni sisimizi. Mwagilieni kabla ya kupanda, msiziache juu ya udongo.

Tuta la saba liwe la kunde za majani, zinazovumilia chumvi pamoja na mchicha. La nane matembele, karibu na tenki, maana hayo chumvi hayaipendi sana. Kateni vipande vya sentimita 30, theluthi mbili zifukiwe, viachane sentimita 30. Wiki ya tano au ya sita mnaanza kuchuma ncha, na mtachuma miezi mingi. Bamia na nyanya chungu zisubiri mpaka chumvi ya maji ipungue. Maharage, karoti na vitunguu kwa maji hayo ni kupoteza mbegu.

Wadudu mafuta na viwavi wanaokunja majani watakuja. Twangeni kilo moja ya majani ya mwarobaini, yalale kwenye lita 5 za maji, chujeni, tieni sabuni kidogo, mpulize jioni. Dawa kali za dukani hazifai kwenye bustani inayochumwa kila juma, kwa sababu siku za kusubiri baada ya kupuliza hamtakuwa nazo. Mkikuta mizizi ina vinundu, hiyo ni minyoo fundo. Hapo bamia na nyanya chungu zisipandwe.

Kugawa. Tuta la mita mraba 5 kwenye mchanga uliotiwa samadi linatoa kama kilo 5. Ng'oeni alfajiri, suuzeni mizizi, panga mafungu manane juu ya mkeka: saba ya kaya na moja la asiyejiweza. Kila fungu linapata kama gramu 600, mlo wa mchicha wa nazi kwa nyumba moja. Tui hilo lina kazi yake, kwa sababu vitamini A ya majani inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Ndimu ikikamuliwa mezani inasaidia madini ya chuma. Anayepanga mafungu achague mwisho. Kanuni hiyo peke yake inanyoosha mkono kuliko mizani, na mpangaji abadilike kila juma. Fungu la nane litoke kwanza, kabla hata mmoja wenu hajainama. Likitolewa mwisho litakuwa la majani ya manjano, na mpokeaji ataona.

Zamu ziandikwe kwenye daftari, lakini naomba mlitumie kwa moyo mwingine. Mwanakikundi akikosa zamu mara mbili mfululizo msimkate jina, wala msimnyime fungu. Mtumieni mtu akabishe hodi. Mara nyingi utakuta mtoto ana homa, au mama amejifungua, au pesa ya nauli imeisha na kibarua kiko mbali. Daftari la maji ndilo linaloweza kuwaambia mapema kuliko mtaa wote kuwa nyumba fulani imekwama, na siku hiyo fungu la nane lina mwenyewe.

Wenzenu watano wakitaka kurudi, wasirudi kwenye mafungu bali kwenye matuta. Kila wanaporudi wawili au watatu, fungueni matuta mawili au matatu mapya na kuwapangia zamu. Kabla ya yote hayo, karatasi: makubaliano mafupi na wenye kiwanja, ya mwaka mmoja na nusu angalau, yasainiwe mbele ya mtendaji wa mtaa. Samadi ya ndoo 20 haifukiwi kwenye ardhi inayoweza kuchukuliwa mwezi ujao.

Mbegu msinunue kila mara. Acheni mashina kumi mazuri mwishoni mwa tuta moja, yale yasiyotangulia mengine kutoa maua. Kichwa kikianza kudondosha mbegu ukikitikisa kiganjani, kateni, anikeni kivulini juu ya kanga siku tano, pigeni, pepeteni. Mkipanda tuta moja kila juma mnahitaji vijiko kama 104 kwa mwaka, yaani chupa moja ya nusu lita. Ijazeni hiyo kwanza, ifungwe, ikae pahala pakavu. Inayozidi pimeni kijiko kwa kijiko kwenye karatasi, na pamoja na vipande vitatu vya matembele, wapelekeeni hata wale ambao bado wamenuna.