Nikiacha wanga, usiku hula bila kujizuia

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Mbagala. Nimeacha ugali, wali na chapati ili nipungue. Kila baada ya siku chache hunishinda: usiku nakula mkate mzima na maandazi kwa kujificha, kisha kesho yake nashinda na njaa kwa aibu. Sina kisukari. Niushushe wanga hadi gramu ngapi ili uchu huu uishe, na je, chai ya kusafisha tumbo inafaa?

JIBU: Dada yangu, sitakutajia gramu, kwa sababu idadi yoyote nitakayoitaja utaigeuza kuwa sheria, na siku utakayoivunja utakula mkate mzima tena.

Wengi wanaofika kwangu wamekwisha kuaminishwa kwamba wana ulevi wa wanga, na kwamba dawa yake ni kutougusa kabisa. Mwaka 1944 hadi 1945, huko Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kwa utafiti ambamo walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita. Walianza kuwaza chakula kutwa kucha, na waliporuhusiwa kula tena baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuridhika. Chakula chao cha miezi ile ya njaa kilikuwa hasa viazi, mkate na tambi, yaani wanga kwa sehemu kubwa. Walichonyimwa ni shibe. Kwa hiyo anayekuambia kwamba usiku wako unaharibiwa na ulafi au na chapati, anakuuzia kitu.

Kupunguza wanga bila kuupiga marufuku huwasaidia baadhi ya watu, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi hukawiza njaa, ingawa ushahidi wake kwa wenye tatizo lako bado ni mdogo. Anza na asubuhi: mayai au maharage pamoja na kipande cha muhogo wa kuchemsha, badala ya chai ya rangi peke yake. Mchana kula ugali wa ukubwa wa ngumi yako, samaki au dagaa, na matembele ya kutosha. Jioni usiache kula. Chapati iliwe mezani, mbele ya watu, siku unapoitaka. Ukizidiwa usiku, kesho yake kula kifungua kinywa chako kama kawaida, maana ile siku ya kushinda na njaa ndiyo inayoandaa usiku unaofuata. Na kwa kuwa unakula kwa kujificha, unahitaji pia tiba ya mazungumzo, ambayo ndiyo yenye ushahidi mkubwa zaidi. Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili, na kwenda huko si kuitwa kichaa.

Sasa hao wanaouza mlo usio na wanga na chai za kusafisha tumbo. Kilo zinazopungua katika wiki ya kwanza ya kuacha wanga, ambazo wao huzipiga picha na kuzitangaza, kwa sehemu kubwa ni maji, kwani kila gramu ya wanga uliohifadhiwa mwilini huambatana na takriban gramu tatu za maji. Chai zao nyingi zina sanamaki, majani ya kuharisha, ambayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, hivyo kinachotoka ni maji na madini, ikiwemo potasiamu inayouwezesha moyo kupiga sawasawa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akikata wanga ghafla bila daktari kurekebisha dozi, anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu, na muuza chai hatakuwepo. Yeyote anayejitapisha au kujiharisha ili apungue, akihisi moyo kwenda mbio au kurukaruka, misuli kulegea au kizunguzungu cha kuanguka, aende hospitali siku hiyohiyo akiwa na pakiti ya alichokunywa, na amwambie daktari bila kuficha.