Mama hana jino hata moja: lazima apandikizwe yote?

Hapana dada, si lazima kila jino liwe na kipandikizi chake, yaani skrubu ndogo inayowekwa ndani ya mfupa wa taya ili kushika meno bandia. Kwa mama yako hapo Kirumba, ambaye meno bandia ya chini yanamchezacheza akila, mimi ningeanza na vipandikizi 2 tu vya titani kwenye taya la chini. Meno hayo bandia yananasa juu yake, usiku anayavua na kuyasafisha. Hata sato wa kukaanga atatafuna bila hofu! Meno yasiyovuliwa huhitaji vipandikizi 4 hadi 6 kwa taya moja, na gharama inapanda sana. Mfupa hushikamana navyo kwa miezi 3 hadi 6. Ila umesema ana kisukari: tafadhali kidhibitiwe kwanza, kikiwa juu kidonda hakiponi vizuri na kipandikizi kinaweza kulegea.