Sponji anakuja Jumamosi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina tangi la maji ya bahari la lita 200 hapa Ilazo, lenye samaki wanne. Mwezi wa tatu nililetewa sponji hai ya baharini ya rangi ya chungwa kutoka Dar. Niliitoa mfukoni, nikaisuuza kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nikaiweka juu ya jiwe. Siku ya nane ikaota utando mweupe, ikaanza kunuka, nikaitupa. Sasa nimeagiza nyingine, pamoja na kamba wawili, kiti cha pweza (nyota wa bahari) mmoja na konokono sita. Mdogo wangu atakuja nao kwa basi la asubuhi Jumamosi. Rafiki yangu anasema viumbe hawa hawaugui madoa meupe ya samaki, hivyo karantini ni kupoteza muda. Kama ni lazima, naweza kutumia tangi dogo nililotibia samaki kwa dawa ya shaba mwaka jana? Nimelisuuza vizuri. – Msomaji, Ilazo, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo tangi la shaba, maana litawaua wote kabla hatujafika kwenye sponji. Usilitumie. Shaba hunywewa na mawe na mchanga, na huenda hata na silikoni ya maungio, kisha hurudi majini kidogo kidogo hata baada ya kusuuza. Kipimo kinachomponya samaki kinamuua kamba, konokono na sponji.

Nililijua hili kwa uchungu. Nilipohamia Nkuhungu niliazima ndoo kwa jirani mwenye shamba la zabibu Mpunguzi. Ndoo ilikuwa safi, sikuuliza imefanya kazi gani. Nikachanganyia humo maji ya chumvi, nikawabadilishia kamba watatu niliokaa nao miezi mitano. Alfajiri nikawakuta wote wamelala ubavu. Jirani aliponiambia ndoo ile ndiyo ya kuchanganyia mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, na chokaa wa kupulizia mizabibu, niliketi chini. Hapa kwetu zabibu ziko kila upande, kwa hiyo namsihi kila mfugaji: ndoo ya tangi nunua mpya, iandike, na usiiazime wala kuiazimisha.

Tafuta tangi jingine, hata la lita 40. Halihitaji mchanga. Weka hita, pampu ndogo ya kuzungusha maji, na sifongo la chujio lililokaa wiki kadhaa kwenye tangi lako kubwa ili lije na bakteria wa kula amonia, sumu itokanayo na taka za viumbe. Kifaa kikishaingia karantini kisirudi tangi kubwa. Hita usiidharau. Usiku wa Juni na Julai Dodoma unauma, na maji yanatakiwa yakae nyuzi 25 au 26 usiku na mchana.

Rafiki yako amesema nusu ya kweli. Kidudu cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, hakiishi mwilini mwa kamba wala sponji. Lakini kikishashiba kwa samaki hushuka, hujishikiza kwenye kitu kigumu na kujifungia ndani ya ganda. Gamba la konokono linatosha. Kipande cha mwamba alichoshikilia sponji kinatosha zaidi. Ganda likipasuka hutoka watoto wa kutafuta samaki, nao wasipompata kwa siku moja au mbili hufa. Ndiyo maana karantini ya viumbe hawa haina dawa. Kazi yake ni kukinyima kidudu samaki mpaka kiishe. Kwa kuwa maganda mengine huchelewa sana kupasuka, mimi nahesabu siku 76, na humo ndani hapakai samaki hata mmoja.

Sasa sponji. Nitamwita "yeye" kwa sababu ni mnyama, ingawa hana mdomo wala tumbo. Mwili wake umejaa vitundu na vijia. Maji huingia kwa vitundu vidogo, akachuja bakteria na chembe za chakula, kisha akayatoa kwa matundu makubwa. Ulipomtoa mfukoni maji yalimwagika kutoka kwenye vijia hivyo, hewa ikachukua nafasi. Ulipomrudisha majini hewa ilinasa ndani, na kila sehemu ambayo maji hayakupita ikafa. Ule utando mweupe ulikuwa nyama yake ikioza. Najua pwani kuna sponji wanaoachwa wazi maji yakipwa na hawafi, lakini hao wamezoea maisha hayo. Wa kununuliwa usimjaribu.

Kabla ya Jumamosi, mpigie muuzaji umuulize maji yake yana chumvi kiasi gani, nawe uandae ya karantini yalingane naye. Akikuambia 1.022 (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matupu), chako kiwe 1.022. Utakipandisha hadi 1.025 taratibu kwa siku kadhaa. Nasisitiza hili kwa sababu mfuko uliokaa kwenye basi saa nane au tisa umejaa kabonidioksidi, na ndiyo inayoipunguza makali amonia iliyomo. Ukifungua tu, kabonidioksidi hutoka na amonia huwa sumu kali. Ukianza hapo kudondosha maji tone kwa tone saa mbili nzima, kamba wako wanakaa kwenye sumu. Chumvi ikilingana, unaelea mfuko uliofungwa dakika 20 joto lifanane, unafungua, unawahamisha mara moja. Ukikuta chumvi ya tangi la karantini imepishana sana na aliyokuambia muuzaji licha ya maandalizi, irekebishe kabla hujafungua mfuko. Kiti cha pweza ndiye hasamehi mruko wa chumvi, mtazame yeye kwanza.

Kwa sponji, zamisha mfuko mzima ndani ya tangi, ufungue chini ya maji na kumtelezesha nje. Maji machafu ya mfuko yataingia, ni sawa, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo. Jiwe la kutoa mapovu lisiwe karibu naye, maana mapovu madogo hunasa kama ile hewa inayomwingia akitolewa majini. Mwanga uwe hafifu ili mwani usimfunike. Wala usimtumbukize, yeye au mwenzake yeyote, kwenye maji yasiyo na chumvi kama tunavyofanya kwa samaki. Kwao hiyo si tiba.

Siku 76 ni nyingi kwa mnyama huyu kwenye tangi lisilo na kitu, na hilo linanipa wasiwasi kuliko madoa meupe. Atafia njaa kimyakimya, miezi miwili baadaye, ukidhani anaendelea vizuri. Kila ukibadilisha maji ya tangi kubwa, mpelekee yale unayotoa, maana yana chembe anazokula. Ongeza vijimea vya baharini vya chupa, kidogo, mara tatu kwa wiki, na upime amonia kesho yake. Upepo mkavu wa hapa hunywa maji ya tangi haraka. Yaliyopungua fidia kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Ya bomba, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yaache.

Usiku zima taa umulike kwa tochi nyekundu. Konokono wasio na gamba wanaokula sponji hufanana naye rangi, na mayai yao ni utepe uliojiviringisha. Toa vyote. Vijinyoya vya viti vya pweza wembamba vinavyochungulia vitunduni waache, ni wapangaji wake.

Ukiona doa jeupe tena, kata palepale, ndani ya maji, kwa wembe mpya, ukiingia kidogo kwenye nyama nzima. Usimwonee huruma. Jambiani, Unguja, kina mama wanaolima sponji hukata vipande na kuvitundika kwenye kamba baharini, na kila kipande hukua. Weka mfuko wa mkaa wa chujio siku hiyo, maana nyama inayooza inachafua maji wanayokaa kamba wako.